Leica M10 na lenzi za milimita 35 katika mwanga wa Unguja

Anayetaka kununua kamera ya renjifainda ya kidijitali kwa ajili ya kupiga picha Mji Mkongwe huanza kwa kuuliza anunue kamera ipi. Mimi ningependa aanze na lenzi. Kamera za aina hii ni chache, tofauti zao zinaelezeka kwa muda mfupi, na nyingi kati yake zinatosha kwa kazi. Lenzi zenye kiungio cha M, yaani zile zinazofungika kwenye kamera za Leica M, kinyume chake, zimekuwa zikitengenezwa tangu mwaka 1954, ilipotoka Leica M3, na viwanda vya Ujerumani, vya Japani na sasa vya China, na ndani ya wingi huo ndimo pesa za watu zinamopotelea. Hapa naipitia Leica M10 ninayofanyia kazi pamoja na lenzi nilizowahi kuzifunga juu yake, zangu na za kuazima kwa wenzangu, na hukumu yangu naitoa mapema: kwa mwanga wa kisiwa hiki, lenzi ndogo ya milimita 35 yenye tundu la f/2, au hata f/2.8, ina manufaa kuliko lenzi nzito ya f/1.4 inayouzwa kwa bei mara kadhaa. Kwa asiyezoea namba hizi: namba ya f ikipungua, tundu la lenzi huwa kubwa na kupitisha mwanga zaidi; milimita zikiongezeka, lenzi huchukua eneo dogo zaidi.

Renjifainda haitazami kupitia lenzi. Mpiga picha huweka jicho kwenye kidirisha kilichoko pembeni mwa kamera, na katikati ya kidirisha hicho huona kiraka kidogo chenye kung'aa ambamo kitu kinaonekana mara mbili, taswira moja ikipitia kidirisha hicho hicho na ya pili ikitokea kwenye kitundu kingine upande wa pili wa kamera. Akizungusha pete ya lenzi taswira hizo husogeleana, na zikilaliana sawasawa kitu kiko kwenye fokasi, yaani kitatoka kikali pichani. Umbali kati ya matundu hayo mawili katika Leica M ni milimita 69.25, na kidirisha cha M10 huonyesha vitu kwa ukubwa wa mara 0.73 ya vilivyo, kwa hiyo jicho linapimia kwenye msingi wa kama milimita 50. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua ni lenzi ipi inafokasika kwa uhakika. Milimita 28, 35 na 50 hazina taabu. Milimita 90 ikifunguliwa hadi f/2 inataka utulivu wa mpigaji na wa anayepigwa, na milimita 135 sioni sababu ya kuinunua kwa kamera hii, ingawa mistari ya kuonyesha mpaka wa picha yake imo kidirishani.

Kwa kuwa jicho halipiti kwenye lenzi, kila kitu kidirishani kinaonekana wazi, cha mbele na cha nyuma, na mistari myeupe inaonyesha tu kipande kitakachoingia pichani. Ukiwa na lenzi ya milimita 35, nje ya mistari hiyo inabaki nafasi ya kutosha kumwona mtu kabla hajaingia. Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa aliyezoea kamera nyingine, lakini vichochoro vya Kiponda na Mkunazini havina nafasi ya kurudi nyuma wala muda wa kungoja. Baiskeli inatokeza kwenye kona, mtoto wa chuo anapita mbio na juzuu kifuani, hamali anapiga kelele watu wapishe gari lake la mkono, na anayemwona tangu yuko nje ya fremu ndiye anayebonyeza kwa wakati. Katika kamera inayotazama kupitia lenzi, mtu huyo anazuka ghafla ukingoni mwa picha na mara nyingi ameshapita.

Sasa nije kwenye hoja ya f/1.4, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba kwenye jua kali, lenzi ikifungwa hadi f/16, kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera linakaa wazi, iwe sehemu ya sekunde inayolingana na ISO, kipimo cha wepesi wa filamu au sensa kuhisi mwanga. Kwa ISO 100, ambayo ndiyo ya chini kabisa katika M10, f/16 inataka 1/100 ya sekunde. Ifungue lenzi hadi f/2.8 na kasi inayohitajika ni kama 1/3200, hadi f/2 ni 1/6400, hadi f/1.4 ni karibu 1/12,800. Shata ya M10 mwisho wake ni 1/4000. Maana yake, lenzi ya f/1.4 haiwezi kufunguliwa yote kwenye jua la Mizingani bila kufungwa filta nyeusi ya kupunguza mwanga, na filta hiyo ikishafungwa, mtu akiingia ukumbini au kwenye kichochoro chenye kivuli hana budi kuifungua tena. Nimeona wenzangu wakihangaika na skrubu ya filta huku harusi inapita. Leica M11, iliyotoka Januari 2022, ina shata ya kielektroniki ya hadi 1/16,000 na ISO inayoanzia 64, na kwa hiyo inalitatua tatizo hili, lakini ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 8,995 bila lenzi. Kulipa kiasi hicho ili kuweza kufungua lenzi ghali adhuhuri ni njia ndefu mno ya kufikia picha.

Wanaotetea f/1.4 husema ni kwa ajili ya usiku. Hilo lilikuwa kweli enzi za filamu ya ISO 400. Pale Forodhani baada ya magharibi, kwenye meza za urojo na mishikaki, taa zinazoning'inia juu ya wauzaji zinatoa mwanga unaoruhusu kupiga kwa f/2, 1/60 ya sekunde na ISO 3200, na M10 kwa kiwango hicho inatoa faili safi ambayo inachapika kwa ukubwa wa kutundika ukutani. Hata ISO 6400 naitumia bila wasiwasi. Tena katika f/1.4 kwa umbali wa mita moja, fokasi inaweza kushika jicho moja na kuliacha la pili, na muuzaji anayegeuka kila nukta kumhudumia mteja hasubiri mtu apange taswira zake mbili. Picha nilizozihifadhi za Forodhani karibu zote zimepigwa kwa f/2.8.

Lipo na suala la ukubwa ambalo halionekani kwenye matangazo. Kidirisha cha kutazamia kiko juu ya lenzi na pembeni yake, kwa hiyo lenzi nene au kofia yake ya kukinga mwanga inaingia kwenye kona ya chini kulia na kuziba sehemu ya picha. Summilux ya Leica ya milimita 35 ya f/1.4 ina uzito wa gramu 320 na kofia yake inakula kipande cha kutosha kuficha mtoto aliyekaa barazani. Noctilux ya milimita 50 ya f/0.95, yenye gramu 700, inaziba zaidi, na shingoni inavuta kamera ielekee chini muda wote. Nilipoazimwa Summilux niliipenda rangi yake na namna inavyolainisha kilicho nyuma, na siwezi kusema ni lenzi mbaya. Ni lenzi bora sana iliyotengenezewa majira ya baridi ya Ulaya, ambako saa tisa alasiri taa za barabarani zinaanza kuwaka.

Lenzi ninayoishi nayo ni Zeiss Biogon ya milimita 35 f/2 ya familia ya ZM, iliyotangazwa mwaka 2004 na kutengenezwa Japani na kiwanda cha Cosina. Ina gramu 240, inachukua filta za milimita 43, na pete ya tundu lake inahama kwa theluthi za kituo (kituo kimoja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), kitu ambacho lenzi za Leica hazina, kwani zenyewe zinahama kwa nusu. Sifa yake kubwa kwa mazingira yetu ni namna inavyostahimili mwanga unaoingia moja kwa moja. Kichochoro cha Hurumzi asubuhi kina giza chini na kipande cha mbingu nyeupe juu, na lenzi nyingi za zamani hapo humwaga ukungu wa mwanga juu ya picha nzima. Biogon inaacha mbingu mahali pake na giza mahali pake, na michongo ya mlango inabaki na kingo zake. Lawama niliyo nayo ni kwamba ni ndefu kuliko inavyostahili, na kofia yake, ambayo inauzwa kando, nayo inaingia kidogo kidirishani.

Ndugu yake, C Biogon ya f/2.8, ina gramu 200 na ni fupi zaidi, na kwa mtu ambaye kazi yake yote ni ya mchana ningemshauri achukue hiyo bila kusita. Ina ukali hadi pembeni tangu tundu likiwa wazi, na haipindishi mistari ya majengo kwa kiwango cha kuonekana, jambo la maana kwa anayepiga nguzo za roshani na fremu za milango.

Kisha ipo Voigtländer Ultron ya f/2, nayo ya Cosina, yenye gramu 170 tu na filta ya milimita 39. Ndiyo ndogo kuliko zote za f/2 nilizozishika, kidirishani haionekani kabisa, na bei yake iko chini ya Biogon. Kwa jicho langu rangi zake ni za joto kidogo zaidi, na pembe za picha katika f/2 ni nyeusi kuliko za Biogon, lakini zinasawazika kwenye f/4. Summicron ya Leica yenyewe, ya f/2, gramu kama 250, inazishinda zote mbili kwa ulaini wa pete na kwa ukali wa katikati tundu likiwa wazi. Je, inazishinda kwa kiasi cha tofauti ya bei? Kwa picha zinazochapishwa gazetini au kutazamwa kwenye simu, hapana. Kwa bei ya Summilux moja mpya mtu anapata Biogon ya milimita 35 na Planar ya milimita 50, nayo ya Zeiss, na fedha za kubaki zinamlipia boti ya Pemba na makazi yake huko.

Kuna kasoro moja ya renjifainda ambayo haiondoki kwa kubadilisha kamera, nayo ni umbali wa karibu. Lenzi nyingi za M huishia sentimita 70. Bibi mmoja wa Kiponda anayeshona kofia za viua mlangoni kwake alinionyesha maana ya kiwango hicho vizuri kuliko jedwali lolote. Nilimwamkia na kuomba: "Shikamoo bibi. Naomba nipige picha ya mikono yako tu, uso siuingizi." Akajibu bila kuinua macho: "Marahaba mwanangu. Mikono piga, lakini usinizibie mwanga wangu." Alikuwa amekaa upande wa mlango unaopokea mwanga wa kichochoroni, na kichochoro chenyewe upana wake ni wa watu wawili kupishana. Kwa milimita 35 kwenye sentimita 70, picha inachukua eneo la sentimita 42 kwa 63: mikono, kofia, paja lenye kanga, mkebe wa nyuzi na kizingiti. Kwa milimita 50 kwenye umbali huo huo, eneo ni kama sentimita 28 kwa 42, yaani kofia, vidole na sindano, na bado mpigaji yuko nje ya njia ya mwanga. Picha niliyoichagua ni ya Planar ya milimita 50 ikiwa kwenye f/4; kila kijitundu cha viua kina duara lake la uzi, na uzi unaotoka sindanoni unaonekana ulivyosokotwa. Katika f/2 sindano ilikuwa kali na kofia yenyewe imeyeyuka, na kazi ya yule bibi ilikuwa ni kofia.

Ultron inafika sentimita 58, na zipo Summilux na Summicron mpya zinazokaribia zaidi ya hapo, lakini chini ya sentimita 70 kiraka cha fokasi hakifanyi kazi tena na inabidi kutazama kwenye skrini ya nyuma. M10 inaweza kufanya hivyo. Ila mtu akishanyoosha mikono na kuitazama skrini chini ya jua la saa nane, faida aliyoilipia haipo tena.

Kwa kazi ya mitaani, fokasi ninayoitumia zaidi ni ya kupangwa kabla. Lenzi za M zimechongwa vipimo vya umbali na vya kina cha fokasi kwenye mwili wake. Milimita 35 ikifungwa hadi f/8 na kuwekwa mita 3, vipimo hivyo vinasema kwamba kila kitu kati ya takriban mita 1.9 na mita 7.2 kitakuwa kikali. Vipimo hivyo vilipangwa kwa ajili ya filamu na karatasi za wastani. Sensa ya megapikseli 24 ni kali kwa mpigaji kuliko filamu ilivyokuwa, na megapikseli 60 za M11 zaidi. Kwa hiyo nikiwa kwenye f/8 nasoma alama za f/5.6, au hata za f/4 nikijua picha itakuzwa. Alfajiri kwenye soko la samaki la Malindi hapa Unguja, pale samaki wanapomwagwa chini na mnada ukaanza, hakuna muda wa kuweka jicho kwenye kiraka. Umbali umeshapangwa, na kilichobaki ni kusimama mahali panapofaa bila kumzuia mtu na kazi yake.

Anayenunua lenzi ya f/1.4 ya bei nafuu ajue pia kwamba baadhi huhamisha fokasi zinapofungwa. Voigtländer Nokton ya milimita 35 f/1.4 inajulikana kwa hilo. Fokasi inakuwa sawa kwenye f/1.4, kisha kwenye f/2.8 inarudi nyuma ya kitu kilicholengwa, na kwa kuwa jicho halipiti ndani ya lenzi, hakuna dalili yoyote kidirishani. Mtu huilaumu kamera, huipeleka ikarekebishwe, na tatizo linabaki pale pale.

Kuhusu urefu mwingine wa lenzi sina maneno mengi. Milimita 50 ni lenzi ya pili ya lazima. Milimita 28 ni nzuri kwa ndani ya nyumba na kwa akina mama wa mwani kule Paje na Jambiani maji yanapokupwa, ambako ufukwe ni mpana na mtu anataka kuonyesha vigingi, kamba na maji kwa pamoja, lakini mistari yake iko ukingoni kabisa mwa kidirisha na anayevaa miwani haioni yote. Milimita 21 inataka kidirisha cha ziada juu ya kamera. Lenzi pana za zamani ambazo kioo chake cha nyuma kinakaribia sana sensa huleta rangi ya zambarau pembeni mwa picha, kwa sababu mwanga unaifikia sensa kwa mlalo mkali. Voigtländer ya milimita 15 ilikuwa na ugonjwa huo hadi toleo lake la tatu, la mwaka 2015, lilipoundwa upya. Na anayekwenda Pemba kupiga mchezo wa ng'ombe aiache renjifainda hotelini Chake Chake na achukue kamera yenye lenzi ndefu na fokasi ya haraka, kwa usalama wake na wa picha zake.

Kamera yenyewe, M10, ilitoka Januari 2017 na sifa yake kubwa ni kwamba mwili wake ulirudi kwenye unene wa zile za filamu, baada ya miaka ya kamera za kidijitali zilizokuwa nene. Ina gurudumu la ISO juu upande wa kushoto, hivyo tundu, kasi na ISO vyote vinasomeka kabla hata ya kuiwasha. Shata yake ni ya chini sana kwa sauti. Sichukulii hilo kuwa ruhusa ya kupiga watu kwa siri. Hapa kwetu mtu huombwa, na mwanamke huombwa mara mbili. Faida ya utulivu wake ni kwamba aliyekubali hashtuki kila picha inapopigwa, na mazungumzo yanaendelea.

Kipimo chake cha mwanga, katika mpangilio wa kawaida, husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye pazia la shata na kutilia uzito katikati ya picha. Siku ya Idi kipimo hiki kinapotoshwa kwa urahisi. Kanzu nyeupe ikikaa katikati, kamera inaitia giza na uso wa mwenyewe unapotea. Buibui jeusi likikaa katikati, kamera inamulika mno na ukuta wa chokaa nyuma yake unakuwa mweupe usio na kitu. Ninapima kwenye kiganja changu chini ya mwanga ule ule, nafungua kituo kimoja, na nauacha mpangilio hivyo hadi mwanga ubadilike. Weupe uliopotea kwenye sensa hii haurudi, ilhali vivuli vinafunguka vizuri kwenye faili ghafi.

Betri ni udhaifu. Ya M10 ina mAh 1100, wakati kamera iliyoitangulia, M ya aina ya 240, ilikuwa na mAh 1800. Kwa mtu anayeshinda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, au anayeishi mtaa unaokatika umeme mara kwa mara, betri mbili za ziada si anasa. Hiyo ya 240, iliyotangazwa mwaka 2012, ningempendekezea mwenye mfuko mdogo: ni nene na nzito zaidi, na picha za ISO 6400 zina michirizi, lakini ina mipira ya kuzuia vumbi na matone, betri inayodumu, na sensa isiyo na matatizo ya wazee wake.

Matatizo hayo lazima yatajwe, kwa sababu kamera hizo za zamani ndizo zinazouzwa rahisi. Leica M8 ya mwaka 2006 sensa yake inaona mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa jicho, kupita kiasi, na vitambaa vyeusi vya nailoni na poliesta hutokea vya zambarau. Mabuibui mengi yanayoshonwa leo ni ya vitambaa hivyo. Bila filta maalumu ya kuzuia infraredi mbele ya kila lenzi, picha ya rangi ya mtaa wowote wa Unguja iliyopigwa kwa M8 si ya kuaminika. M9 ya mwaka 2009 ilikuwa renjifainda ya kwanza yenye sensa ya ukubwa kamili wa filamu, na rangi zake wengi wanazihusudu hadi leo, mimi nikiwa mmoja wao, lakini kioo kinachofunika sensa yake kiligundulika kuwa kinaliwa taratibu, na unyevu ni adui yake. Leica walitangaza mwishoni mwa mwaka 2014 kwamba wangezibadilisha sensa hizo bila malipo. Huduma hiyo haipo tena. Anayetaka M9 ahakikishe sensa ilishabadilishwa kwa ile yenye kioo kipya. Apige picha ya mbingu tupu kwa f/16 na aikuze: madoa yenye duara la mwanga kuyazunguka hayatoki kwa kusafishwa, na kamera hiyo isinunuliwe kwa bei yoyote na mtu anayeishi kisiwani.

Nimeulizwa pia kuhusu Monochrom, zile Leica zisizopiga rangi kabisa, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka 2012. Kwa kukosa vichujio vya rangi juu ya sensa, zinapata mwanga zaidi na ukali zaidi. Anayepita Barabara ya Kenyatta na kuziona picha za zamani za Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ataelewa kwa nini mtu atamani kuiona Unguja kwa nyeusi na nyeupe peke yake. Lakini kanga, karafuu zinapogeuka rangi juani na maji ya Nungwi ni rangi, na kwa kamera moja ya kufanyia kazi zote nisingeichagua. Fujifilm za X100 na X-Pro, ambazo wengi huziita renjifainda kwa sababu ya umbo, hazina kiraka cha kulinganisha taswira kwa kioo na prizimu. Ni kamera nzuri za fokasi ya kielektroniki, na mazungumzo yake ni mengine. Pixii ya Ufaransa ni renjifainda ya kweli yenye kiungio cha M, ila haina skrini, na picha hutazamwa kwenye simu.

Adui mkubwa wa yote haya ni hewa yetu. Wakati wa masika unyevu unaingia hadi kabatini, na kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni. Lenzi za M hazina mipira ya kuzuia maji, hata zikifungwa kwenye kamera iliyo nayo, na chumvi ya upepo wa kusi hupenya kwenye pete. Mimi huzihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika ambavyo hukaushwa kila vinapobadilika rangi, na mifuko ya ngozi inayokuja na lenzi nimeitoa nje ya chombo, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuvu huanzia humo. Nikirudi ufukweni naifuta kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi na kukamuliwa, kisha kwa kikavu, kabla ya kuzungusha pete yoyote.

Kwa anayenunua lenzi iliyotumika, iwe Summicron ya zamani, Canon ya skrubu inayohitaji adapta, au Jupiter-8 ya Kisovieti ambayo mara nyingi fokasi yake haipatani na kipimo cha Leica, ukaguzi uwe wa aina mbili. Kwanza aifungue lenzi yote, aweke tochi ya simu nyuma yake na kutazama kwa mshazari kutoka mbele. Kuvu na ukungu ambao hauonekani mchana utajitokeza. Pili aifunge kwenye kamera, asogeze pete hadi alama ya mwisho ya umbali, na alenge kitu kilichosimama wima mbali sana, kama minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu ikitazamwa kutoka juu ya paa la upande wa pili wa mji. Taswira mbili za mnara zikilaliana, lenzi na kamera vinapatana kwa mbali. Kisha apige maandishi ya gazeti kwa umbali wa mita moja, tundu likiwa wazi, na kuangalia kama mstari uliolengwa ndio uliotoka mkali. Ikiwa mbali ni sawa na karibu si sawa, huku lenzi nyingine zikiwa sawa kwenye kamera hiyo hiyo, kasoro iko ndani ya lenzi na muuzaji arudishiwe. Ikiwa lenzi zote zinakosea kwa namna moja, ni rola ndogo iliyoko ndani ya mdomo wa kamera iliyohama, na hiyo fundi mwenye uzoefu hurekebisha bila kuifungua kamera yote. Kazi hiyo asiachiwe mtu anayeijaribu kwa mara ya kwanza.